Mbuzi Aliyechinjwa kwa Ajili ya Bwana Elie

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeweka riziki kabla hajaweka njaa, akanipa mikono ya kupikia na ulimi wa kuonjea, akanifikisha umri huu nikiwa bado natafuna mwenyewe. Rehema na amani zimshukie Mtume wake na watu wa nyumba yake. Baada ya hayo, nianze.

Mwaka huu nimeacha kazi ya upishi. Magoti yangu hayataki tena kuchutama mbele ya mbabula, lile jiko la mkaa ambalo vijana mnalidharau kwa sababu mmezoea gesi. Baadhi yenu niliowafundisha jikoni mliniomba niwaandikie niliyoyaona katika nyumba za watu. Mishahara sitaitaja. Iliyokuwa mizuri iliisha, na iliyokuwa mibaya iliisha pia. Nitaandika juu ya watu na vyungu, na zaidi nitaandika juu ya mtu mmoja aliyeishi kwetu Buyenzi, na swali moja lililotusumbua mtaa mzima: akae, au ahame?

Kazi nilijifunza kwa Papa Bonifasi, mtu wa Uvira, mpishi wa mapadri. Baba yangu, ambaye alikuwa mwalimu wa chuoni na ndiye aliyenisomesha Kurani, hakulala vizuri aliposikia nakwenda kufanya kazi katika jiko linalopika nguruwe. Siku ya kwanza Papa Bonifasi alinionyesha kisu kilichoning'inia peke yake kwenye msumari, mpini wake umezungushiwa mpira wa tairi la baiskeli.

“Hii kisu ni yako,” akaniambia. “Na ile sufuria ya kule juu ni yako. Mi siguse. Nikigusa, unipige.”

Sikumpiga kamwe, maana hakugusa. Siku hiyo hiyo niliunguza wali wa mapadri. Hakunipigia kelele. Aliupakua wa juu taratibu, akaacha wa chini, akaniambia kazi ya mpishi ni kujua pa kusimamisha mwiko. Akanifundisha pia kuchagua mukeke, samaki wa ziwa letu: angalia jicho kama limejaa, funua shavu uone wekundu, na usikubali muuzaji akuparie magamba kabla hujalipa, kwa sababu samaki aliyeparwa ni kama mtu aliyevuliwa nguo, umri wake huujui tena. Na akanipa kanuni moja ambayo niliishi nayo katika kila nyumba.

“Usiulize patroni sababu gani hakule kitu,” alisema. “Uliza tu nini anakula. Sababu ni yake. Njaa njo kazi yako.”

Kanuni hiyo ilinitumikia vizuri. Nilimpikia daktari mmoja wa Gihosha aliyetaka maharage yasiyonuka, na nikamtafutia njia: kumwaga maji ya kwanza, kisha kutia kitunguu kizima na kukitoa kabla hajakiona. Nilimpikia mama mmoja aliyekuwa akinusa kila sahani kama afisa wa forodha. Nilipika kwa watu waliotaka supu ya baridi, na mimi nikaipoza bila kuuliza. Kwa nini, ilikuwa juu yao.

Kisha akaja Bwana Elie, na kanuni ya Papa Bonifasi ikaniweka mahali ambapo mpaka leo sijapaelewa vizuri.

Bwana Elie alikuwa Mfaransa wa makamo, mwembamba, fundi wa mashine za hospitali, zile za kupiga picha mifupa. Wazungu wenzake walipanga Kiriri na Gihosha, juu kwenye upepo. Yeye alikuja kupanga Buyenzi, mtaa wa Waislamu, katika nyumba ya nyuma kwenye uwanja wa Hajjati Mwajuma, mjane wa mfanyabiashara wa vitambaa, mwanamke mwenye ulimi mkali na sahani kubwa. Hakuna mtu aliyepita mlango wa Hajjati akatoka bila kula. Hata watu wa umeme waliokuja kumkatia waya walikula kwanza.

Nilikuwepo siku alipofika, kwa sababu Hajjati ndiye aliyenitafutia kazi hiyo. Bwana Elie alikuwa ameishi Goma, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, cha kutosha kugombana na fundi bomba. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni na kofia yake ndogo kichwani.

“Hajjati, mbele ya kuingia nataka kusema,” alisema. “Nyama ya hapa sikule. Samaki hana magamba, sikule. Na sala yangu nasali mu nyumba, peke yangu.”

“Tunajua, mwanangu,” Hajjati akamjibu. “Ingia.”

Nilimwona yule mtu akishusha mabega kama aliyetua mzigo. Nilidhani ni joto.

Sasa kazi yenyewe. Alikuja na sufuria zake mpya, na akaniomba kisiingie chakula cha mtu mwingine ndani yake, hata changu. Hilo halikunishangaza, nililijua tangu kwa Papa Bonifasi. Lililonishangaza ni moto. Kila asubuhi nilimkuta Bwana Elie amechutama mbele ya mbabula na shati lake la kazi, anapuliza mkaa, macho yanamtoka machozi. Ukishika, anaweka sufuria juu yake kwa mkono wake mwenyewe, ananawa, anakwenda hospitalini. Kuanzia hapo kila kitu kilikuwa changu: kukata, kuunga, kukoroga, kupakua. Samaki wa kuchoma alimngoja yeye mchana. Alirudi, akamlaza juu ya waya, akaniachia nimgeuze.

Mama Adija, muuza samaki wa kona yetu, alikuwa akituona kupitia lango.

“Papa Haruna,” aliniita siku moja watu wakisikia, “we ni mupishi ama ni mugeni? Patroni anawasha moto, we unangoja wakuletee chai?”

“Uza samaki wako,” nikamwambia.

“Nauza. Lakini mi mwenyewe nawasha moto wangu.”

Iliniuma. Mpishi asiyeaminiwa kuwasha jiko ni sawa na dereva anayeendeshwa. Lakini sikuuliza, kwa sababu ya kanuni.

Ijumaa ndiyo iliyokuwa na mambo. Alinichemshia, au niseme tulichemsha pamoja, zabibu kavu mpaka maji yakawa mekundu na matamu, na hayo ndiyo aliyokunywa jioni badala ya divai. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, maana divai nisingeishika. Chakula cha Jumamosi kiliwekwa motoni Ijumaa kabla ya jua kuzama: ngano, mayai, viazi, maharage, kila kitu ndani ya sufuria moja. Nilijifunza kuutuliza mkaa kwa majivu na kufunika juu na bati, mpaka moto ule ukakaa usiku kucha bila kuunguza. Hiyo ni elimu, vijana, na gesi yenu haiwezi. Kisha aliwasha mishumaa miwili. Majirani walipoiona mishumaa ile inawaka na umeme ungalipo, wakaanza kuamini kwamba mzungu anajua ratiba ya kukatika umeme, na kila Ijumaa jioni wanawake wa safu yetu ya nyumba walikimbilia kuchaji simu. Mara nyingi ulikatika kweli. Jumamosi aliniambia nisije.

Mnaweza kusema tulipaswa kufahamu. Lakini ngojeni niwaambie tulivyofahamu sisi.

Siku moja Mama Adija alimnadia Bwana Elie kambale mzuri, mnene, aliyetoka ziwani asubuhi ile. Bwana Elie alimtazama samaki yule kwa huzuni ya kweli.

“Hana magamba, mama.”

“Magamba ya nini? Unakula magamba?”

“Apana. Lakini nikule samaki yenye kuwa nayo.”

Akanunua mukeke wawili na sangala mdogo, akaenda. Mama Adija akanigeukia.

“Nimemujua,” akasema. “Uyu ni Mushia.”

Nami, ambaye nilisoma, nilishituka kwamba sikuwaza mapema. Tulipokuwa chuoni tulisomeshwa tofauti za madhehebu. Sisi kwetu samaki wote ni halali, lakini ndugu zetu Mashia hawali samaki asiye na magamba. Mara kila kitu kikakaa mahali pake. Hasali msikitini kwetu: bila shaka ana wao. Nyama yetu hali: labda hakiamini kisu chetu. Ana kofia, anafunga siku moja nzima bila hata maji, nguruwe hataki kusikia, na akishukuru husema alhamdulillahi kama sisi, kwa matamshi mazuri kuliko ya wengi wetu. Nilimwambia Hajjati, na Hajjati akasema alijua tangu siku ya kwanza. Basi mtaa wetu ukawa na Shia wake, wa kwanza kwenye safu ile, na watu walimpenda. Mwezi wa Ramadhani alileta tende kwa kila nyumba. Spika ya msikiti ilipokuwa inakwaruza mpaka adhana ikasikika kama ugomvi, aliifungua mezani kwake akaitengeneza. Mzee Rajabu, mkubwa wa wazee wa mtaa, alimwombea dua mbele ya watu.

Mtu mmoja tu hakuwa na raha naye, naye ni Hajjati. Kwa nini? Alikuwa hali chakula chake. Kila sikukuu alipelekewa sahani, na kila mara alitoka yeye mwenyewe kushukuru, akachukua ndizi, akachukua machungwa, nyama ikarudi kama ilivyokwenda. Kwa mwanamke yule, mpangaji aliyekaa miaka bila kula kwake ilikuwa aibu isiyo na dawa. Mpaka siku moja akaniita barazani.

“Haruna, nimepata dawa,” akasema. “Uyu mutoto anakatala kisu yetu. Basi kisu itakuwa ya kwao.”

Hitima ya marehemu mume wake ilikuwa karibu. Hajjati alikuwa ametafuta mjini mpaka akampata Shia wa kweli, Bwana Abbas, karani katika duka la vifaa vya ujenzi, mtu mpole mwenye miwani. Alimwomba aje amchinje mbuzi kwa mkono wake. Bwana Abbas alikuja asubuhi ile akiwa na kisu chake amekifunga katika kitambaa. Alionekana kushangaa kwa nini katika Buyenzi nzima hakuna wa kuchinja, lakini alichinja vizuri, nami nikapika. Ilikuwa pilau ambayo ningependa nikumbukwe nayo. Nyama niliikausha kwanza kwa tangawizi na kitunguu saumu mpaka ikaacha maji yake, ndipo nikatia mchele.

Baada ya dua watu walikaa mkekani. Hajjati, ambaye kwa kawaida hakai upande wa wanaume, alikuja mwenyewe na sahani, akaiweka mbele ya Bwana Elie. Juu ya wali alikuwa amempa paja zima.

“Kula, mwanangu,” akamwambia. “Mbuzi ni yako. Amechinjwa na mwenzako.”

Bwana Elie aliweka mikono juu ya magoti. Tuliokuwa karibu tuliacha kula tumtazame akila. Bwana Abbas, kwa adabu yake, akamwinamia.

“Ndugu yangu, wewe ni wa jamaa gani? Hatujawahi kuonana msikitini kwetu.”

Bwana Elie akamgeukia Hajjati.

“Hajjati, siku ile ulisema munajua.”

“Tunajua nini?”

“Mi ni Muyahudi.”

Aliyekuwa anatafuna aliendelea kutafuna kwa kuwa hakujua pa kuipeleka ile nyama. Hajjati alisimama pale pale, mkono mmoja bado umenyooka kuelekea kwenye sahani. Bwana Elie aliomba radhi kwa sauti ndogo, akasema kwao hawali nyama isipokuwa imechinjwa na mtu wao aliyesomea kazi hiyo, na katika mji huu hayupo. Akasema hakuficha. Alidhani tangu mlangoni kwamba tunajua na tumemkubali hivyo. Kisha akainuka akaenda nyumbani kwake, hatua chache tu nyuma ya uwanja, na sote tukamsikia akifunga mlango polepole.

“Kumbe mugeni wa kweli ni mimi,” akasema Bwana Abbas, na akavuta ubavu mmoja. Namshukuru mpaka leo, kwa sababu watu wakapata ruhusa ya kumeza.

Lakini jioni maneno yalianza. Zilikuwa siku ambazo redio na simu zilileta kila saa habari za vita vya Waarabu na Wayahudi huko mashariki, na vijana wa mtaa walikuwa na hasira ambayo haikuwa na pa kwenda. Sasa walikuwa na mlango. Hakuna aliyerusha kitu, tumshukuru Mungu. Ila salamu zilikatika. Watoto waliitwa ndani akipita. Mama Adija alimfungia samaki bila kumtania, na kwa Mama Adija hilo ni kama kufiwa. Mzee mmoja alikuja kuniuliza kama spika ya msikiti inapaswa kuoshwa. Nilimwambia ikioshwa haitasema tena. Akaondoka bila kuridhika.

Na mimi walinitazama vibaya. Mpishi aliyesoma, miaka yote hiyo jikoni, hakujua anampikia nani?

Asubuhi ya pili nilimkuta mbele ya mbabula kama kawaida, anapuliza.

“Bwana Haruna,” akasema bila kuinua kichwa, “wakisema nihame, nitahama. Sitagombana na mutu.”

“Nani amesema uhame?”

“Bado. Lakini watasema. Najua namna inasemwa.”

Ndipo akanieleza. Baba yake alizaliwa Tunisia, katika mtaa kama wetu, adhana asubuhi, majirani Waislamu ukuta kwa ukuta. Mwaka mmoja wakaambiwa, kwa upole kabisa, kwamba ingekuwa vizuri kama wangeondoka. Hakuna aliyewapiga. Walifunga mizigo wakaenda Ufaransa, na baba yake alikufa akimtaja muoka mikate wa kona yao. Bwana Elie alichagua Buyenzi ili asikie asubuhi kile baba yake alichokuwa akikisikia. “Gihosha sitakufa,” akasema. “Kuna nyumba nzuri. Lakini nitakuwa nimehama kama baba.”

Nikavunja kanuni ya Papa Bonifasi. Nikamuuliza juu ya moto.

“Ni desturi ya kwetu,” akasema. “Chakula kikipikwa na mutu ambaye si wetu, lazima mumoja wetu aweke mukono: awashe moto, aweke sufuria. Hapo kinakuwa chakula cha nyumba yetu. Nisipoweka mukono, hata ukipika vizuri namna gani, siwezi kula.”

“Mi nilizani huamini mikono yangu.”

Akaniangalia, uso umejaa majivu. “Miaka yote hii?”

“Miaka yote hii.”

“Na haukuuliza?”

“Nilifundishwa nisiulize.”

Akacheka, nami nikacheka, lakini sikujua tunacheka nini. Nilikuwa nimeumia kwa jambo ambalo halikuwepo, na lililokuwepo sikuliona.

Nilikwenda kwa Shehe Swalehe, imamu wetu, tuliyesoma naye kwa baba yangu. Nilimuuliza kama naweza kuendelea kumpikia Myahudi.

“Kitabu kimesema,” akajibu, “chakula cha waliopewa Kitabu kabla yetu ni halali kwetu, na chetu ni halali kwao. Endelea.”

“Lakini Shehe, chetu yeye hakule.”

“Ni halali kwake.”

“Kwetu sisi tunasema ni halali kwake. Yeye kwake si halali.”

Shehe akavuta tasbihi yake punje kadhaa. “Hapo umenifikisha mahali sijasoma,” akasema. “Nyumba ni ya Hajjati. Tumsikilize yeye.”

Kikao kilifanyika barazani kwa Hajjati baada ya sala ya alasiri. Walikuwepo wazee, Shehe Swalehe, na mimi nilikaa karibu na mlango, kwa kuwa niliitwa kama shahidi wa jikoni. Vijana walisimama nje ya lango. Bwana Elie alikuwa ndani kwake. Tulikuwa tunajua kwamba anasikia, na yeye alikuwa anajua kwamba tunajua.

Mzee Rajabu alisema vizuri, lazima niwe mkweli. Hakutukana. Alisema mtu huyu ni mwema, spika inasikika mpaka barabara kubwa, lakini nyakati ni mbaya, vijana wana moto, na ingekuwa vizuri kwa yeye mwenyewe kama angepata nyumba kwingine. Apewe muda. Aondoke kwa heshima. Niliposikia “ingekuwa vizuri” nilitazama chini.

Wote tukamgeukia Hajjati. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anachambua mchele, na hakuacha kuchambua.

“Mzee Rajabu, nikuulize,” akasema. “Mbuzi ile nilichinjisha sababu ya nani?”

“Si ya hitima?”

“Hitima ingetosha na maharage. Mbuzi ilikuwa ya nani?”

“Ya uyu mupangaji wako.”

“Amekula?”

“Apana. Sote tuliona.”

“Basi mugeni wangu hajakula,” akasema Hajjati. “Na mi sifukuze mutu mwenye hajakula kwangu. Tangu niolewe mu nyumba hii, haijafanyika. Siku atakula, mukuje, tuongee habari ya kuhama.”

“Lakini Hajjati, hatakula,” Mzee Rajabu akasema. “Amesema mwenyewe. Dini yake inamukataza.”

“Basi tutangoja.”

“Tutangoja mpaka lini?”

“Mi sina haraka. We una haraka ya nini?”

Mzee Rajabu akamgeukia imamu kama mtu anayeomba maji.

“Shehe, hii ni hukumu?”

“Sijui ni nini,” Shehe Swalehe akasema. “Sijawahi kuisikia. Lakini mahali ina kosa sipaoni.”

Walikaa kidogo zaidi wakijaribu kuligeuza jambo lile upande huu na huu. Kila walipolishika, lilirudi kwenye sahani ile. Mwishowe Hajjati akauliza nani atakunywa chai, na kwa kuwa hakuna aliyetoka pale bila kula, walikula maandazi, wakaenda. Langoni vijana waliuliza imeamuliwa nini. Mzee Rajabu akawaambia wangoje. “Tungoje nini?” wakauliza. “Ngojeni tu,” akasema. Nadhani hakuweza kulieleza mara ya pili.

Nilibaki kumsaidia Hajjati kuondoa vikombe. Nikamuuliza kama aliyapanga maneno yale.

“Nipange nini?” akasema. “Mutu hajakula. We uliona amekula?”

Mpaka leo sijui kama alikuwa mjanja kuliko sisi wote, au alisema tu kile alichokiona. Nimemuuliza mara nyingi, na ananijibu hivyo hivyo, na uso wake haunisaidii.

Bwana Elie alikaa. Siyo kila mtu aliyerudi kwake. Nyumba mbili tatu hazikumsalimia tena, naye aliwapisha njiani. Mama Adija alivumilia kimya kwa muda, kisha ikamshinda. “Kumbe hata Mushia wetu si Mushia,” akamwambia mbele ya wateja, “njoo uone magamba ya leo,” na bei akaipandisha kama zamani. Kila hitima Hajjati alimchinjia, kila hitima sahani ilikuwa mbele yake, na yeye alikaa nayo kwa adabu mpaka watu walipomaliza. Hapo Hajjati aliinyanyua, akapita nayo mbele ya Mzee Rajabu polepole, na kusema neno moja: “Bado.” Miaka ya kwanza Mzee Rajabu alikunja uso. Baadaye alianza kuuliza mwenyewe, kabla sahani haijafika kwake: “Amekula?” “Bado.” “Basi.”

Kazi yake ilipokwisha na mashine zikapata fundi wa hapa hapa aliyemfundisha, Bwana Elie alifunga mizigo. Alihama kama mtu anavyohama akimaliza kazi, mchana, mlango wazi, watu wakimbebea masanduku. Sufuria aliniachia mimi. Hajjati alisimama kando ya gari akamshika mkono kwa kitambaa.

“Unaenda bila kula,” akamwambia.

“Ndiyo, Hajjati.”

“Basi haujatoka.”

Nyumba ile ya nyuma sasa amempangisha mwalimu mmoja kutoka Mutakura, Mkristo, kijana mwenye heshima, anayekula kila anachopewa. Hajjati anampenda. Ila siku alipomkabidhi ufunguo nilimsikia akimwambia wazi kwamba nyumba hii ina mtu aliyemtangulia, na siku atakaporudi watalazimika kuelewana. Mwalimu alinitazama mimi anisaidie kuelewa. Sikuweza.

Nimewaandikia haya, vijana wangu, nikiwa bado sijui kanuni ipi niwaachie: kuuliza, au kutouliza. Anayejua ni Mungu. Namwomba awabariki ninyi mnaosoma, na wale mnaowapikia, mnaowaelewa na msiowaelewa. Moto wenu usizimike kabla chakula hakijaiva, na kila mgeni wenu apate kwenu mahali pa kukaa, akiwa amekula au hajala. Amina.